Nyumba Tupu Inayojibu Simu

Asiyekuwapo na lake halipo, walisema wazee wetu, na kwa muda mrefu hapana aliyewabisha. Mtu akisafiri, nyumba yake ilibaki mikononi mwa jirani, mchwa na mvua, naye hana habari mpaka barua imfikie au arudi mwenyewe auone ufa ukutani. Siku hizi mambo yamegeuka. Huko nyanda za juu za Kisii na Nyamira, magharibi ya Kenya, nimeiona nyumba isiyo na mtu ndani, milango imefungwa, mapazia yameteremshwa, lakini ukiipelekea ujumbe kwa simu inakujibu. Haisalimu wala hainung'uniki. Husema tu kwamba joto ni nyuzi 17 na unyevu wa hewa ni 84 kwa mia. Na mwenye kuiuliza yuko Marekani, katika jimbo la Minnesota, mahali ambapo Nyamira kukipambazuka wao ndio kwanza wanajiandaa kulala.

Msomaji wa Mombasa, Lamu au Malindi atauliza, na ana haki ya kuuliza: mtu ajue joto la nyumba asiyolala ndani ili iweje? Sisi watu wa pwani joto hatulipimi, tunalikimbilia barazani. Usiku wa kipupwe ukishuka hadi nyuzi 20 hivi tunatafuta shali, na asubuhi tunahadithiana baridi ile kama tukio kubwa. Mimi nami niliuliza swali hilo hilo. Jawabu nililipata, lakini lilinipitisha njia ndefu, kwani nilianza kwa kuuliza habari za kipimajoto, na kabla sijamaliza nikawa nauliza habari za mama na mwanawe.

MAJUMBA YENYE KUFULI

Mji wa Kisii umekaa juu vilimani, kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na ukishika barabara ya kwenda Chemosit, ile ipitayo Nyamira, unazidi kupanda. Nchi ni ya kijani kitupu. Migomba, majani chai, mahindi, mabingobingo ya ng'ombe, na baina yake udongo mwekundu unaonata viatuni. Mvua huko haina msimu wa kupumzika. Kwa mwaka hupita milimita 1,500, na alasiri nyingi wingu hujikusanya upande wa Ziwa Victoria, radi ikanguruma, na mara nyingine mvua ya mawe ikapiga mabati hata watu wasisikilizane. Watu ni wengi na mashamba ni madogo. Baba aliyerithi ekari tano amewagawia wanawe, nao wamewagawia wanao, mpaka shamba limekuwa kama utepe uteremkao kutoka barabarani hadi mtoni.

Na juu ya utepe huo, kila baada ya hatua chache, kumejengwa jumba. Si vijumba, ni majumba ya ghorofa, yenye nguzo, roshani, vigae vya rangi na geti la chuma lililonakshiwa. Nilijaribu kuyahesabu kutoka dirishani mwa matatu, nikaacha. Lililonishangaza si ukubwa wake, bali ukimya wake. Hapana nguo kambani, hapana moshi, hapana mtoto mlangoni. Penye geti kuna kufuli, na nyuma ya jumba, mbali kidogo, kuna nyumba ya zamani ya mabati yenye moshi na kuku, ambamo wamo wazee.

Wenyewe wa majumba hayo wako Nairobi, wako Mombasa kwetu, na wengi wako ng'ambo. Wagusii walioko Minnesota ni jamaa kubwa, hasa katika miji ya Brooklyn Park na Brooklyn Center, kando ya Minneapolis. Wengi wao ni wauguzi na watunzaji wa wazee na wagonjwa. Fedha waliyoipata kwa kukesha zamu za usiku wameigeuza matofali. Sababu yenyewe hawaifichi. Kwa wengi wao, mtu hata akiwa na nyumba nzuri ugenini, hajakamilika mpaka awe na paa lake juu ya ardhi ya ukoo. Na siku akifa, huko ndiko jamaa wanakotarajia kumrudisha. Kwa hiyo jumba hujengwa kwa ajili ya siku mbili tatu za Desemba, kwa ajili ya uzee, na kwa ajili ya mazishi. Katikati ya siku hizo hukaa tupu.

Wala tusiwacheke. Ni nani asiyeijua, katika Mji wa Kale wa Mombasa au mitaa ya ndani ya Lamu, ile nyumba ya mawe na chokaa ambayo wenyewe wako Maskati au Dubai, ufunguo ukashikwa na shangazi, boriti zikaliwa taratibu, popo wakahamia ghorofani?

BARIDI IUAYO NYUMBA

Sasa nirudi kwa kipimajoto. Desturi ya kuiuliza nyumba hali yake kwa simu haikuzaliwa Nyamira. Wagusii wameirithi huko walikohamia, na huko ina sababu ya kufa na kupona.

Minnesota iko kaskazini ya Marekani, inapakana na Kanada. Tarehe 30 Januari 2019, mjini Minneapolis, joto lilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri. Na hiyo si rekodi ya jimbo. Rekodi iliwekwa mahali paitwapo Tower tarehe 2 Februari 1996, nyuzi 51 chini ya sifuri. Mimi namba hizi nikizisoma hazinipi picha yoyote. Friji ya kugandishia nyama jikoni mwetu haifiki hata nusu ya baridi hiyo. Jua mwezi wa Desemba huchwa mapema mno, na Waislamu wa mji ule, ambao wengi ni ndugu zetu Wasomali, husali magharibi kiasi cha saa kumi na nusu na dakika chache za jioni. Huo ndio mji ambao mwaka 2023 baraza lake liliruhusu adhana za sala zote tano zisikike kwa vipaza sauti. Katika baridi hiyo nyumba haikai kwa kudra ya hewa kama zetu. Hupashwa joto na tanuri lililowekwa chini, mchana na usiku, miezi kadhaa mfululizo.

Tanuri likizimika na wenyewe wakiwapo, watavaa makoti na kumwita fundi. Likizimika na nyumba ni tupu, mambo huwa mengine. Maji yakiganda hutanuka kwa kiasi cha sehemu 9 katika 100. Maji yaliyomo ndani ya bomba ukutani hayana pa kutanukia, basi bomba hupasuka. Ajabu yake ni kwamba siku ya kupasuka huenda hapana kitu kinachoonekana, kwa kuwa barafu imeziba ufa wenyewe. Mafuriko huja siku joto linaporudi. Barafu huyeyuka, maji hutoka kwa nguvu zake zote, dari huanguka, sakafu za mbao huvimba, na jirani hugundua maji yakitoka chini ya mlango. Ndiyo maana husemwa kule kwamba nyumba tupu isiachwe ishuke chini ya nyuzi 13 hivi, na ziko hati za bima zinazotaka mwenye nyumba aache moto ukiwaka au afunge maji na kuyamwaga kabla hajasafiri, la sivyo asitarajie kulipwa. Hata huko kusini, Texas, ambako watu hawakuizoea baridi, dhoruba ya Februari 2021 ilipozima umeme wa mamilioni, mabomba yalipasuka katika nyumba zisizohesabika.

Basi tangu zamani watu wa kule walitafuta hila za kujua hali ya nyumba kutoka mbali. Ziko zilizonifurahisha. Moja ni taa. Huchukuliwa kijisanduku chenye kipimajoto ndani, kikaunganishwa na taa ya mezani, taa ikawekwa dirishani. Nyumba ikipoa kupita kiasi taa huwaka yenyewe, na jirani aliyeombwa huiona akipita. Nyingine ni mashine ya kupokea simu, zile zilizokuwa zikirekodi salamu za wapigaji. Mtu aliye safarini hupiga simu nyumbani kwake mwenyewe. Mashine ikiitika, umeme upo; simu ikilia tu bila ya kujibiwa, huenda umeme umekatika, na tanuri nalo ni la umeme kwa kuwashwa kwake. Katika miaka ya 1980 vikaja vyombo maalumu vilivyounganishwa na simu ya waya, ambavyo ukivipigia hukutajia joto la nyumba kwa sauti ya mashine, na joto likishuka hukupigia vyenyewe. Leo kazi hiyo inafanywa na simu ya mkononi.

Na ni sadfa njema kwamba chombo cha kuitawala joto la nyumba kilikulia Minneapolis hasa. Mwaka 1885 mtu mmoja aitwaye Albert Butz, mhamiaji kutoka Uswisi, alibuni mtambo wa kufungua mlango mdogo wa hewa wa tanuri. Chumba kikipoa, kipimajoto hufunga mzunguko wa umeme, mota huzungusha gurudumu nusu mzunguko, mnyororo huvuta, hewa huingia, moto huwaka; chumba kikipata joto, mlango hujifunga. Kabla ya hapo mtu alilazimika kushuka mwenyewe kwenda kuuchochea moto. Kutokana na kampuni aliyoiasisi Butz ilitokea baadaye kampuni kubwa ya Honeywell, ambayo kipimajoto chake cha mviringo cha mwaka 1953 kilitundikwa katika mamilioni ya nyumba. Mwaka 2011 vikatoka vya Nest, vinavyojifunza desturi za wenye nyumba na kutawaliwa kwa simu; navyo havikukosa aibu zao, kwani Januari 2016 hitilafu ya programu ilizimaliza betri zake na kuwaacha wenyewe wakitetemeka usiku.

Mgusii anayepata habari ya msiba Desemba, akapanda ndege na mkewe na wanawe kuja kuzika Nyamira, huiacha nyumba yake ya Brooklyn Park katika baridi hiyo. Bwana mmoja niliyemkuta Keroka akinunua ndizi alinionyesha simu yake. Tulikuwa tumesimama juani, jasho likimtoka, naye anatazama sebule yake ilivyo na nyuzi 16 upande wa pili wa dunia. "Nikiona 10," akaniambia, "nampigia shemeji hata kama ni usiku wa manane kwao." Nikamwuliza shemeji ana ufunguo? Akacheka, akasema ufunguo bila ya shemeji ni chuma tu.

MOTO SAA MBILI ZA USIKU

Mtu aliyezoea kulindwa na namba hawezi kuiacha. Ndivyo kipimajoto cha simu kilivyofika Gusii, ambako mabomba hayajapata kuganda.

Jumba lililonipeleka Nyamira ni la muuguzi mmoja mwenye umri wa miaka arubaini na kitu. Sitamtaja jina wala kijiji, kwa kuwa walionisimulia walinisimulia kama mgeni wa nyumbani. Alipokuja likizo alikitundika ukutani sebuleni kijisanduku cheupe kisichozidi pakiti ya majani ya chai, chenye laini ya simu ndani na betri ya kukishikilia stima ikipotea. Ukikiandikia ujumbe, kinakujibu kwa kutaja joto na unyevu. Nacho kimeamrishwa kwamba joto likipita nyuzi 28 kimpelekee mwenyewe ujumbe bila ya kuulizwa, kwani katika nyumba isiyo na mtu, ambayo siku zote huwa baina ya nyuzi 16 na 23, joto la namna hiyo halina maana isipokuwa moto. Funguo akamwachia mpwa wake. Seti ya pili ikabaki kwa mamake, katika nyumba ya mabati iliyo nyuma.

Hapa niweke kando neno dogo, maana lilinichanganya siku nzima. Mpwa alipokuwa akinisimulia, alichanganya Kiswahili na Ekegusii, na kila mara alisema "baba" alifanya hivi, "baba" alikasirika, nami nikiandika daftarini habari za mzee wa kiume. Kumbe kwa Kigusii baba ni mama, na baba mzazi huitwa tata. Nililifuta ukurasa mzima.

Ilikuwa mwezi wa Julai, wakati ambapo ukungu hukaa juu ya chai mpaka saa nne za asubuhi. Saa mbili za usiku, ambayo kwa Minnesota wakati wa kiangazi chao ni saa sita za mchana, muuguzi yule akiwa zamuni, simu yake ilitikisika mfukoni. Joto nyuzi 29. Baada ya dakika chache, 31. Akampigia mpwa, simu imezimwa. Akampigia mamake, inalia, haipokewi. Mwishowe akampata mwenye duka la njiani, naye akapiga yowe. Watu wakaja mbio na ndoo, na mapanga kwa tahadhari, kwa kuwa wapo waliodhani ni wezi.

Walimkuta bibi kizee ameketi kigodani sebuleni, madirisha yote yamefungwa, mbele yake majiko mawili ya makaa yamekolea, na pande zote magodoro yamesimamishwa kama ng'ombe wanaoota moto. Akawauliza wamekuja kuzima nini.

Ilikuwa siku ya tatu anafanya hivyo. Nyumba, akasema, ilikuwa inaoza. Aliingia kuchukua sufuria akakuta uvundo, magodoro yanateleza kwa unyevu, na nyuma ya kabati ukuta umeota ukungu mweusi. Nyumba isiyo na moto hufa, akasema, na hii tangu ijengwe haijawashwa moto hata siku mbili kwa mwezi. Basi akaileteza moto. Mwenye duka, ambaye ana akili zake, alifungua madirisha kwanza kabla ya kujibu lolote, akamtoa bibi nje. Bibi alikuwa analalamika kichwa kinamgonga tangu juzi. Alidhani ni ule uvundo.

Msomaji anayeijua bara ameshafahamu. Makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika mahali pa hewa safi katika damu, na mtu husinzia asiamke. Kila msimu wa baridi Kenya husikika habari za watu walioingiza jiko chumbani walale. Kijisanduku kile hakina pua ya kuijua hewa hiyo. Kilichoonekana kwake ni joto tu, na kwa joto hilo kikawaita watu waje kuiokoa nyumba, wakamwokoa mtu ambaye hakikujua kama yumo.

Jambo lililonikaa moyoni ni lile lililofuata. Mwana alipiga simu akiwa bado anahema, akamgombeza mamake kwa kuwasha moto juu ya vigae. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia (mpwa alinifasiria neno kwa neno): "Kila siku unaiuliza nyumba imelalaje. Mimi unaniuliza Jumapili."

UNYEVU, SI BARIDI

Nilimwuliza fundi mwashi mmoja wa Nyamira, mzee wa miaka mingi katika kazi, ni nani aliyekuwa na haki. Akanijibu kwamba mama aliujua ugonjwa, lakini dawa aliyoitoa ni ya nyumba ya zamani. Nyumba ya udongo na nyasi ilikuwa ikipumua. Moto uliwaka katikati, moshi ukapenya kwenye paa, ukazikausha nyasi na kuwafukuza wadudu. Nyumba iliyohamwa kweli iliporomoka upesi, na ndiyo asili ya maneno ya bibi. Jumba la saruji halipumui. Limepigwa lipu ndani na nje, limezibwa dari, limetiwa madirisha ya vioo yanayobana. Hewa yenye unyevu ikishaingia haina njia ya kutoka. Hewa ya moto hubeba maji mengi kuliko ya baridi. Basi bibi alipoyapasha moto magodoro, maji yalitoka godoroni yakaingia hewani, na usiku nyumba ilipopoa huku madirisha yamefungwa, maji yale yale yalirudi yakajipaka ukutani na chini ya mabati. Kesho yake akawasha tena. Lilikuwa ni kuhamisha maji kutoka godoro kwenda ukuta.

Dawa, alisema fundi, haina gharama. Madirisha yafunguliwe kila siku jua likipanda, tangu kama saa tano hadi saa tisa kabla ya mvua, upande huu na upande ule ili upepo upite; magodoro yatolewe nje; makabati yasogezwe mbali na ukuta. Ni kazi ya mtu mmoja na mikono miwili.

Basi namba ya pili, ile ya unyevu, ambayo mwenyewe alikuwa hata haitazami, ndiyo iliyokuwa ikisema kweli miezi yote ile: 84, 86, 88. Ukungu haupendi kitu kama ukuta wenye unyevu wa namna hiyo siku baada ya siku. Lakini muuguzi alikuwa ameshika adabu za Minnesota, ambako adui ni baridi, akazileta mahali ambapo adui ni maji ya hewani. Kipimo kilikuwa sahihi. Macho ndiyo yaliyotazama mahali pengine.

Si kwamba chombo hakina faida. Serikali na mashirika ya afya wametumia ujuzi huu huu katika friji za chanjo, ambazo lazima zikae baina ya nyuzi 2 na 8. Joto likitoka katika mpaka huo, ujumbe huenda kwa simu ya mhusika kabla dawa haijaharibika. Lakini huko yupo mhusika, na kazi yake inajulikana. Nyumbani kwa watu hayupo mpaka ateuliwe. Tena chombo chenyewe kinataka kuangaliwa. Radi za Gusii si za mchezo, na moja tu ikipita kwenye waya wa stima hukiunguza. Laini isipotiwa salio hunyamaza. Na kikinyamaza, aliye Minnesota hajui kama nyumba imeungua, stima imepotea, au ni shilingi chache tu zimekwisha, atakesha bure.

JE, NI KUCHUNGULIA?

Ijumaa niliyokuwa Kisii nilisali katika msikiti wa mjini, na baada ya sala tukakaa kando na watu wawili watatu, mmoja wao mfanyabiashara wa nguo, mwenyeji wa Lamu, aliyekaa bara miaka mingi. Nikawahadithia kisa cha bibi na majiko. Yule wa Lamu hakucheka. Swali lake lilikuwa jingine: je, bibi aliambiwa kwamba kile kisanduku kinasema? Maana katika dini yetu, akasema, hata kwako mwenyewe unabisha hodi, na kupeleleza watu ni jambo lililokatazwa. Sasa huyu mwana ameweka kitu kinachojua kila mtu anapoingia.

Mwingine akambisha kwamba kipimajoto si jicho. Kamera humwona mtu alivyovaa, humsikia anayosema. Kipimajoto huona nyuzi. Nami niliona hivyo hivyo mwanzoni. Lakini nilipofikiri zaidi nikaona mtu wa Lamu hakukosea. Ukizisoma namba za mwezi mzima utajua ni siku gani mpwa alimleta rafiki, ni usiku gani mtu alilala ndani, ni saa ngapi aliondoka. Mwenye nyumba ana haki na nyumba yake, hapana ubishi. Lakini nyumba ya Nyamira si sanduku la mtu mmoja. Imejengwa juu ya ardhi ambayo mama ameilima, ufunguo anao, na kila akiingia anaingia kwake. Mimi naona kumwambia ni wajibu, wala si hisani. Bibi, nilipomwuliza mwenyewe siku ya pili, alisema alidhani ni kitu cha kufukuza mbu.

Nikamwuliza yule wa Lamu, na nyumba yake kule ataitundikia nini? Akasema ana shangazi yake, ambaye kila Alhamisi huifungua, hufagia, hufukiza udi, na humpigia simu kumwambia ni boriti gani imelegea na ni jirani gani amefariki. Joto hajapata kumtajia.

Muuguzi alikuja Desemba. Mambo waliyoafikiana si makubwa. Kisanduku kimehamishwa kutoka sebuleni, kimetundikwa nyuma ya lile kabati lililoota ukungu, na sasa kimeamrishwa kupiga kelele kwa unyevu, wala si kwa joto peke yake. Ujumbe hauendi tena Minnesota tu. Huenda kwa simu ya mpwa na kwa simu ya mama pia. Mama hasomi, lakini yuko mjukuu wa darasa la nne anayemsomea, na mjukuu huyo hupewa andazi kila anaposoma namba iliyozidi 80, jambo ambalo mpwa anadhani limemfanya mtoto aanze kuziongeza. Mpwa analipwa kwa mwezi, kwa M-Pesa, kwa kazi iliyotajwa: madirisha, magodoro, gata za paa. Majiko ya makaa hayaingii ndani.

Na ameongezewa mama jambo moja ambalo hakuliomba. Ameombwa ahamie katika jumba lenyewe, chumba cha chini, kile cha mashariki. Amekataa mara mbili. Anasema jikoni mwa jumba hamna pa moshi kutokea, na kuku wake hawatamfuata juu ya vigae. Nilipoaga, mpwa alikuwa anabomoa ukuta wa uani ili wajengewe wote wawili, yeye na kuku, jiko la kuni lenye dohani.